Herini za Koko Mlangoni mwa Thieta

Wenzangu wa thieta, chumba chetu cha upasuaji, na hasa nyinyi mliobaki mkigombania kile kiti changu kidogo chenye magurudumu, mmeniomba niandike. Nimestaafu miezi miwili tu na tayari kuku wangu hapa Kitengela wamechoka kukaguliwa kila asubuhi, kwa hivyo nimekubali. Vyeo sitaviandika. Mshahara pia hapana, mkiujua mtalia bure. Nitaandika siku yangu ya kwanza, mwalimu wangu, mashine yetu ya kamera, na kosa moja nililofanya nikiwa tayari najiona bingwa. Kosa hilo lilikaribia kumnyima mtu nafasi yake ya mwisho, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kunisikia nikilisema kwa sauti.

Nilifika hospitali yetu ya misheni, hapa kando ya barabara ya Namanga, nikiwa msichana wa Ukambani mwenye viatu vipya na maneno mengi. Siku hiyo hiyo, kabla ya saa nne, kiwiko changu kiligusa meza ya vyombo vilivyokwisha kusafishwa kwa mvuke. Daktari alikuwa ameshavaa glavu. Sista Filomena, mkuu wa thieta wakati huo, hakupaza sauti. Alikusanya vyombo vyote, hata vile ambavyo sikuvikaribia, akavirudisha kwa mashine, na sisi sote tukangoja saa nzima tukitazamana. Nilitamani ardhi inimeze.

Baadaye akanifuata pale kwa sinki. "Mwikali, kwa nini nimerudisha vyote?"

"Ni sheria, Sista."

"Sheria si jibu. Sheria ni mlango, sababu iko ndani. Leo utafua mashuka ya thieta mpaka uniletee sababu."

Nilifua siku tatu. Siku ya nne nikamwambia kwamba mtu akishagusa meza, huwezi kuapa uchafu umeishia wapi, na mgonjwa ndiye atakayelipia ubishi wako. Akaitikia kwa kichwa, akanipa aproni. Miaka yote niliyofanya kazi naye aliniuliza "kwa nini" mpaka nikawa nalisikia hilo swali nikipika. Aliondoka kustaafu nami nikachukua funguo zake. Polepole, bila kujua, nikaanza kujibu watu kwa lile neno alilonikataza.

Sasa niwaambie vile mambo yalikuwa kabla ya kamera, maana nyinyi mnafikiri ilizaliwa na jengo. Kansa ya ovari, vile vifuko viwili vya mayai ya mwanamke, haipigi hodi. Tumbo la mama mzee likianza kujaa anaambiwa ni gesi, kisha minyoo, kisha vidonda vya tumbo, na kwa vile mtu wa miaka sabini hazai tena, hakuna anayekumbuka kwamba ovari bado ziko. Akifika kwetu tumbo limejaa maji na mashavu yameingia ndani. Ultrasaundi inaonyesha maji na uvimbe, lakini TB ya tumbo nayo huleta maji kama hayo, na ile picha haiwezi kuapa ni ipi. Kwa hivyo tulikuwa tunafungua. Kisu kutoka juu ya kitovu mpaka chini kabisa, tuone kwa macho.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kimuka. Tulimfungua, tukakuta ugonjwa umetapakaa hadi chini ya mbavu, daktari akachukua kipande kidogo, tukafunga. Alipoamka akaniuliza, "Mmetoa?" Nikajifanya natengeneza dripu. Kesho yake akauliza tena, "Sista, mmetoa?" Kidonda chake kilivuja maji wiki baada ya wiki, akaisha nguvu, na dawa za kansa ambazo pengine zingemsaidia hazikuweza kupewa mtu aliye vile. Alitufia wodini. Tuliliita hilo jambo fungua-funga, na tulilitaja tukiangalia chini.

Mashine ya kamera ilikuja kwa makasha, na nyuma yake akaja Daktari Halima. Mnamjua: mtoto wa wafanyabiashara wa mjini Kitengela waliotoka Garissa, mpole, haharakishi kitu isipokuwa chai. Alipoifunga mashine yote kwenye kile kitoroli chake, na skrini juu, nikamwambia hii ni ya kutazama mpira. Akacheka, akanieleza: tundu dogo kitovuni, gesi kidogo ya kuinua ngozi ya tumbo, kamera nyembamba inaingia, na tundu moja au mawili pembeni kwa vyombo virefu. Unaona tumbo lote bila kulipasua. Unachukua kipande. Mama mzee anaamka na plasta tatu.

"Na wewe utakuwa unanipa vyombo, Sista."

"Mimi? Macho yangu yaangalie skrini na mikono ifanye kazi kwingine?"

Alinitengenezea sanduku la katoni lenye matundu, akaweka maharagwe ndani na kifuniko cha soda, akaniambia nizitie punje moja moja kifunikoni kwa kile kikoleo kirefu nikitazama skrini. Punje ya kwanza ilinichukua robo saa na matusi mawili ya Kikamba. Baada ya mwezi nilikuwa nachambua githeri mle ndani, mahindi huku na maharagwe kule. Wewe unayesoma hapa na hujawahi kuligusa lile sanduku, liko juu ya kabati la mashuka, lichukue.

Ngoja nichomeke ya vyombo kabla sijasahau. Kamera ikitoka kwenye baridi ikaingia tumboni kwenye joto, kioo chake kinaingia ukungu, daktari haoni kitu. Ndiyo maana kuna ile flaski niliyoandika SI CHAI. Maji yake ya moto ni ya kupasha zile chupa za maji safi ndani ya beseni, na kioo kinaoshwa kwa hayo ya chupa, si ya flaski. Kuna daktari mwanafunzi aliyejimiminia kikombe akatia na majani, nikamwacha anywe. Na vile vyombo virefu, jamani, fungueni kila kiungo na mpige brashi ndani. Damu ikikauka mle kwenye bomba, mvuke hauifikii.

Sasa nifike kwa kosa langu.

Alhamisi moja aliletwa Koko Noonkishu. Koko ni nyanya kwa Kimaasai, na sote tulimwita hivyo. Kitambulisho chake kilikuwa na siku ya kuzaliwa ambayo bila shaka karani aliichagua mwenyewe, lakini miaka sabini na kitu alikuwa nayo. Alitoka Oltepesi, na alikuwa amekaa wiki moja kwa mkaza mwanawe Nasieku, anayeuza nguo hapa Kitengela. Tumbo lake lilikuwa limejaa, mikono imebaki mifupa. Alikula vijiko vitatu vya uji akashiba. Daktari wa kansa wa Nairobi alikuwa ameshasema waziwazi: bila kipande cha kupima hawezi kuanza dawa yoyote, kwa sababu dawa ya TB ni nyingine na ya kansa ni nyingine. Na Daktari Halima akaniambia pembeni, "Sista, huyu hana wiki za kupoteza. Akikonda zaidi ya hapa, hata tukijua ni nini hatatibika."

Nilimpokea Koko mlangoni mwa thieta akiwa kitandani. "Takwenya, Koko," nikamsalimia.

"Iko," akajibu, kama Mmaasai anavyoitikia salamu hiyo, akatabasamu. Tulianza vizuri.

"Koko, vyuma vyote vitoke."

Bangili akavua. Mikufu akavua, mmoja mmoja, akampa Nasieku. Tulipofika masikioni akayashika kwa mikono yote miwili. Alikuwa amevaa zile herini za shaba iliyozungushwa, zinazoning'inia kwa mkanda wa ngozi na shanga.

"Hii hapana."

"Koko, ni sheria."

"Sheria ya nani?"

"Ya thieta."

"Basi vua ya thieta. Hii iko ya mzee."

Nasieku akanieleza kwa upole. "Sista, hiyo ni surutia. Kwetu mama aliyeolewa anaitoa mume wake akishakufa. Akiitoa mzee akiwa hai, ni kama amemzika. Na mzee yuko, anamngoja huko nyumbani."

Nilikuwa nimeishi na Wamaasai miaka zaidi ya thelathini, nikijua salamu, nikijua nyama, nikijua kila shule ya Kajiado. Hilo sikulijua, na badala ya kunyamaza nikamwambia Nasieku, "Mwambie Koko kwamba mzee hatakufa kwa sababu ya herini, lakini yeye anaweza kufa kwa sababu ya tumbo." Nikajiona nimesema neno la busara. Kisha nikafanya ujinga mkubwa kuliko maneno: nikanyoosha mkono, nikamshika sikio.

Koko akauondoa mkono wangu. Aliteremka kitandani polepole, akajifunga shuka lake, akatoka kwa miguu yake na lile tumbo bila kugeuka. Nasieku akamfuata amebeba mikufu. Jioni yake tukasikia amesharudi Oltepesi.

Nilibaki nimesimama nikibwata peke yangu. Eti watu hawataki kusaidiwa, eti sisi tufanye nini. Daktari Halima akavua glavu, akaketi kwenye kile kiti changu.

"Sista Mwikali, kwa nini huwa tunavua vyuma?"

"Si unajua? Ni sheria..."

Niliona mashuka. Wallahi, kama anavyosema Halima mwenyewe, niliyaona yale mashuka ya Sista Filomena yamepangwa mbele yangu, nikaona aibu, mwanamke mzima, mkuu wa thieta. Nikaketi chini nikatafuta sababu. Tunavua kwa ajili ya ule umeme wa kuzuia damu. Unaingia kwa chombo, unapita mwilini, unatokea kwa ile pedi tunayombandika mgonjwa ngozini. Chuma kilicho mwilini kikigusa chuma cha meza, umeme unaweza kupenya hapo ukamchoma mgonjwa. Tena herini ikining'inia inaweza kunaswa na kuchana sikio. Basi, hizo ndizo sababu.

"Na leo tulikuwa tunahitaji huo umeme?" Halima akauliza.

"Kuchukua vipande tu? Hapana. Kuna kikoleo cha kuuma baridi, bila umeme. Damu ikitoka, kuna kile kingine ambacho umeme wake hauendi popote, unabaki kati ya ncha zake mbili."

"Na masikio?"

"Pamba na plasta," nikasema. "Pamba na plasta tu, Daktari." Nikalia pale pale.

Jumamosi tukaenda Oltepesi kwa gari la Halima, Nasieku akituonyesha njia. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Koko alikuwa ameegemea ukuta wa nyumba, amevuta shuka mpaka kifuani. Kando yake alikaa mzee wake, mrefu, macho yake yameziba kwa uzee, haoni.

"Umekuja kuchukua masikio?" Koko akaniuliza.

"Nimekuja kuomba msamaha, Koko. Nilikushika bila ruhusa, na nilisema neno baya juu ya mzee."

Mzee akageuza uso kwenye sauti yangu. "Huyu ndiye alitaka nikufe?"

"Ndiye," Koko akajibu, bila huruma hata kidogo.

"Mbona sauti yake ni ya mtu mzuri?"

Wakacheka wote wawili, na mimi nikapata nguvu. Nikawaeleza yote: umeme, meza, kuchomeka. Nikasema tumepata njia ya kufanya kazi bila umeme wa kupita mwilini. Nikatoa pamba na plasta kwenye mkoba, nikasema, "Koko, niruhusu." Safari hii niliomba. Akainamisha kichwa. Nikazifunika herini zake, pamba chini, pamba juu, plasta ikizunguka mpaka zikatulia kwenye shingo.

Nasieku akamwambia mzee kwa Kimaasai kilichofanyika. Mzee akanyoosha mkono, akapapasa uso wa mke wake, akafika sikioni, akabonyeza pamba taratibu kwa vidole mpaka akaisikia shaba ndani. Akahamia sikio la pili.

"Iko," akasema. "Sasa mpeleke. Na umrudishe hivi hivi."

Alhamisi iliyofuata Koko alipita mlango wa thieta na kofia yake ya kijani, na masikio makubwa ya pamba chini yake. Watu wa kufagia walicheka na yeye akacheka nao. Kwa mama wa umri huo hamna mambo ya haraka, mkumbuke hilo. Daktari Halima alikata padogo kitovuni akaingia akiona, hakudunga kwa kubahatisha. Maji tuliyatoa polepole ili presha isianguke. Gesi ikapunguzwa nguvu, kitanda kikainamishwa kidogo tu, na Mutua wetu wa dawa ya usingizi akawa anaita presha kila dakika mpaka akanichosha.

Kioo nilikiosha kwa maji ya moto, kamera ikaingia, na skrini ikawaka safi. Tukaona kila kitu. Lile pazia la mafuta linalofunika utumbo lilikuwa limekunjamana na kuwa gumu. Chini ya mbavu upande wa kulia kulikuwa na vipunje vyeupe vimetapakaa kama mtama uliomwagika. Ovari ya kushoto ilikuwa imevimba na kuwa ya kutisha. Halima akaisogeza kamera kote, taratibu, bila kuruka mahali.

"Sista, hii tungeifungua leo, tungefanya nini?"

"Tungefunga," nikasema. Nikamfikiria yule mama wa Kimuka.

Halima alichukua vipande vinne kwa kikoleo baridi. Kimoja kilivuja damu, nikampa kile cha ncha mbili kabla hajaomba, ikakatika. Matundu matatu, plasta tatu.

Koko alipofungua macho mkono wake haukwenda tumboni. Ulikwenda sikioni. "Iko?"

"Iko, Koko. Zote mbili."

Akalala kidogo, akarudi. "Mmetoa ugonjwa?"

Safari hii sikushika dripu. "Bado. Leo tumeona tu mahali ugonjwa uko. Tumeuona wote."

"Kama mmeona, mtatoa," akasema, akalala tena. Asubuhi iliyofuata nilimkuta anazunguka wodi akidai chai yenye maziwa ya kutosha, si ile tunayowapa wagonjwa.

Majibu yalisema ni kansa ya ovari, na kwa vile ilivyosambaa, dawa zianze kwanza, zikiipunguza ndipo ikatolewe. Nasieku alilia. Kule Nairobi daktari alimwandaa Koko kwa upole sana, akamwambia mama, nywele zako zitaanguka zote. Koko akavua kitambaa, akamwonyesha kichwa kilichonyolewa, kinang'aa. "Zipi?" akauliza. Nasieku anasema yule daktari alicheka mpaka akakosa pa kuandikia.

Baada ya raundi tatu za dawa maji yalikauka na vijiko vya uji vikawa bakuli. Daktari Halima na mwenzake wa Nairobi wakamfanyia ule upasuaji mkubwa hapa kwetu. Siku hiyo umeme ulihitajika, kwa hivyo pedi niliiweka pajani, mbali na kichwa, na herini nikazifunika na kuzifunga zisiguse chuma cha meza popote. Nilizikagua mara tatu. Walitoa vyote vilivyoonekana. Koko alipoamka na kuuliza kama tumetoa, niliinama mpaka sikioni mwake, juu ya pamba, nikasema, "Tumetoa, Koko. Tumetoa!" Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa kwenye chumba cha wagonjwa. Nilikuwa nimengoja kulisema neno hilo tangu siku za fungua-funga, na sikuwa tayari kulinong'oneza.

Siwadanganyi kwamba amepona moja kwa moja, kansa haizungumzwi hivyo. Alimaliza dawa zake, na hurudi kupimwa. Lakini anakula, anatembea, na anagombana na mbuzi wake. Baada yake tumeshawapitisha mama wazee wengi mlango ule, na herini zao. Sheria ukutani niliiandika upya mwenyewe, na sababu nikaiweka mstari wa kwanza.

Sasa Achieng', wewe unajijua, nitaisema siku ile. Ilikuwa Alhamisi yangu ya mwisho kazini. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nikijifanya sitazami, nawe ulikuwa na wiki moja tu kwetu. Akaingia mama mmoja mzee wa upande wa Kajiado, tumbo limejaa, amejikunja kwa hofu, surutia zikining'inia. Aliyekuwa amemshika mkono, amesimama wima na shuka jekundu jipya, alikuwa Koko Noonkishu. Yule mama ni wa rika lake. Alikuwa amemtafuta mwenyewe na kumleta mwenyewe.

Ukafungua mdomo. "Mama, vyuma vyote vi..."

Yule mama akashika masikio. Koko akamwambia maneno mawili ya Kimaasai, akamshusha mikono polepole, kisha akakugeukia.

"Sista, lete pamba. Na plasta, ile pana."

Ukageuka kunitazama mimi, mkuu wako, ukingoja ruhusa.

"Unanitazamia nini?" nikakuambia. "Si umesikia mkubwa amesema?"